Umeokoka miaka 6 na tabia iko palepale? Yangu niliikuta kwenye gunia la viazi

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Mleta mada kasema ameokoka mwaka wa 6 huu, anafunga, anaomba, lakini hasira na uongo mdogo mdogo havijamtoka. Mimi si mchungaji, nauza viazi mviringo. Nasema ya kwangu tu.

Nilikuwa kwaya, tena naongoza maombi ya alfajiri, huku nanunua viazi Makete kwa lumbesa. Kwa asiyejua, ni lile gunia linalojazwa mpaka linaota kichwa, kisha linashonewa hukohuko juu. Sheria inataka lisizidi kilo 100. Langu lilikuwa linagonga 130, na mkulima analipwa gunia moja. Kilo 30 za watu kila gunia, na sikuwahi kuzitubu, maana wanunuzi wote tulifanya vile. Fungu la kumi nilitoa kwenye faida hiyohiyo! Madhabahuni nilikuwa nalilia mawazo mabaya.

Siku moja nimefungua manunuzi kwa sala, vizuri kabisa, mama mmoja mtu mzima akaniambia: "Mwanangu, huyo Mungu wako mwambie aje aninyanyulie upande mmoja wa gunia." Vijana wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku gesti sikulala.

Nikahamia kununua kwa mizani. Msitegemee ushuhuda wa baraka hapa. Dalali alinikimbia, akasema naharibu soko, na mtaji ukayumba. Msimu uliofuata mvua imeshika, gari linasubiri, nikarudi lumbesa. Ilibidi nipande tena mlimani kulipa tofauti, nyumba kwa nyumba, na aibu yangu. Marehemu bibi yangu wa Kagera angenielewa. Alikuwa mlokole wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na kwao kutembea nuruni ilikuwa kumwendea uliyemkosea, kulitaja kosa kwa jina lake, na kama uliiba, unarudisha. Hata Zakayo kwenye Luka 19:8 hakusema "nitabadilika". Alitaja hesabu: nusu ya mali, na mara nne.

Sasa hasira, maana ndiyo umeuliza. Yangu sikuiombea ikaisha. Ilipungua yenyewe baada ya mizani, nikashangaa. Kumbe nilikuwa nawafokea vijana wa kupakia na mke wangu kwa sababu kila swali la hesabu lilinigusa penye kidonda. Mwongo ana mengi ya kulinda. Ukisoma Wagalatia 5:22-23 utaona Paulo kaandika "tunda", siyo "matunda", na uaminifu na upole vyote viko humo. Mimi naona havioti kila kimoja shambani kwake.

Kwa hiyo mkuu, kufunga endelea, lakini hebu tafuta ile dhambi ambayo kazini kwako ina jina la kawaida: chai, cha juu, lumbesa. Na simu! "Nimeshafika Ubungo" na wewe bado unatafuta soksi. Anzia hapo kama la kazini ni zito.

Bado najifunza. Jana mteja kaniuliza gari liko wapi, nikamwambia ukweli, limelala Makambako. Kakata oda.