Shangazi yake asema Andrea ni jina la kike

SWALI: Mhariri, mke wangu alijifungua mtoto wa kiume wiki iliyopita hapa Mwanga, Kigoma, nasi tumekubaliana aitwe Andrea, jina la marehemu baba yangu, ambalo hadi leo linasomeka kwa rangi ya bluu ubavuni mwa mtumbwi aliotuachia. Dada yangu anayeishi Ujerumani amepinga, akisema kwamba huko Andrea ni mwanamke, na mtoto akienda kusoma ataandikiwa barua kama binti. Je, tumekosea?
Baba Andrea, Mwanga

JIBU: Hongera, Baba Andrea. Hamjakosea, na shangazi wa mtoto naye amesema kweli.

Andrea mnayemjua ninyi ni yule mtume, ndugu yake Simoni Petro, na asili ya jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mwanamume. Nchini Italia limebaki la kiume, kama wanavyojua waliomtazama Andrea Pirlo uwanjani, hata ikabidi kesi ifike mahakama ya juu kabisa mwaka 2012 ndipo wazazi waruhusiwe kumpa binti jina hilo. Ukifika Ujerumani, mwanamume ni Andreas, na Andrea, kwa kuwa linaishia na "a", husikika kuwa la kike.

Kwetu kigezo hicho hakina kazi. Juma, Musa, Hamza na Luka wote wanaishia na "a" na wote ni wanaume. Msichana aliyezaliwa Ijumaa tunamtofautisha kwa kuongeza kitu mwanzoni, akawa Mwajuma. Jirani zetu Wanyamwezi wa Tabora hawajishughulishi hata na hilo, kwani mapacha ni Kulwa na Doto, wawe wa kike au wa kiume. Nadhani lugha yenyewe inatusaidia: tukisema "amefika", hakuna anayelazimika kujua jinsi ya aliyefika, ilhali Mjerumani hana budi kuchagua neno la kike au la kiume. Hata sisi huwashangaza wengine, maana Amani wa Kigoma mara nyingi ni mvulana, na Amani wa Misri ni msichana, ambaye jina lake kwa Kiarabu ni neno jingine kabisa, lenye maana ya matamanio.

Sheria ya Ujerumani haitamsumbua. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya huko, katika shauri la mtoto wa kike aliyeitwa Kiran, ilisema hakuna sheria inayotaka jina lioneshe jinsi ya mtoto. Pasipoti nayo ina sehemu ya jinsi, kwa hiyo litakalobaki ni barua chache zenye makosa, ambazo atazirekebisha kwa sentensi moja.

Kama mngependa kumridhisha dada yako, mpeni nafasi ya kuchagua jina la pili la kiume, ila alitaje kabla hamjakwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa, maana kuongeza jina baadaye ni usumbufu.