Jibu: Bi mkubwa hasemi, lakini Alhamdu anaisoma

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza vipi bi mkubwa, ambaye tangu apate kiharusi hawezi kuomba hata maji, anaisoma Alhamdu bila ya kukwama, na kama maneno yake yatarudi.

Hali hiyo huitwa afasia. Mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan", ingawa alifahamu mengi aliyoambiwa. Mgonjwa huyo alipofariki, ubongo wake ulionekana umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Kutunga sentensi mpya hutegemea zaidi upande huo, lakini yaliyohifadhiwa tangu chuoni kwa maalimu, kama sura na kasida, mara nyingi husalimika. Kwa hiyo tafadhalini, asidhaniwe kuwa anajifanya.

Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, ila mazoezi husaidia hata baada ya miaka. Iko tiba iliyoelezwa Marekani mwaka 1973, ambamo mgonjwa huimba ombi fupi, mfano "nataka maji", huku akigonga meza taratibu kwa mkono wa kushoto, kisha mahadhi hupunguzwa kidogo kidogo. Nyumbani, muulizeni jambo moja kwa wakati, mumsubiri, na msimmalizie neno.