Maswali ya Wasomaji: Ihefu ina maji, sasa Ruaha inakaukaje?

Kamwene wasomaji wetu wote, kuanzia Mbeya, Chimala, Makambako mpaka Iringa. Toleo lililopita niligusia Ihefu, ile ardhi oevu ya bonde la Usangu ambako mto Ruaha unapita, kwa mistari michache tu, nikaona nimemaliza, kumbe ndo nimeanza, maana meseji zimeingia mpaka simu ikawa inajaa. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imeulizwa na watu wengi kwa maneno tofauti, na kwa sababu hilo bonde nalipenda na linaniuma.

Mimi ni mkulima wa mpunga huku Ubaruku. Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa tunaambiwa sisi ndo tumeukausha mto Ruaha. Lakini Ihefu mwezi huohuo maji yapo na viboko wapo. Kama bondeni kuna maji, mto unakaukaje kule Hifadhi ya Ruaha? Au tunasingiziwa?

Ndugu yangu, unachokiona ni kweli na wanachokisema watu wa hifadhi nacho ni kweli, na hapo ndo watu wengi wanapogombana bila sababu. Chukua beseni lenye tundu ubavuni, sio chini, ubavuni karibu na juu. Jaza maji, yatatoka kwenye tundu. Acha kujaza, yatatoka mpaka yafike usawa wa tundu alafu basi, beseni bado lina maji tele lakini nje haitoki hata tone. Ihefu iko hivyohivyo. Mito inashuka toka milima ya Kipengere na Uporoto, yaani Ruaha yenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala, na Ndembera inakuja toka upande wa Mufindi, yote inamwagikia kwenye tambarare ya Usangu na kujikusanya kwenye ile tindiga ya mashariki tunayoiita Ihefu, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, pale Ng'iriama, ambapo mwamba umekatiza mto kama kizingiti cha nyumba. Maji yakiwa juu ya mwamba, Ruaha inatiririka kwenda hifadhini. Yakishuka chini ya mwamba hata kiganja kimoja, mto umekatika, na yale yaliyobaki ndani yanaliwa na jua na matete.

Zamani mto ulikuwa unapungua kiangazi lakini haukatiki. Toka mwaka 1993 umekuwa unakatika karibu kila mwaka, wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Lawama nyingi zikaenda kwa wafugaji, wakaondolewa kwa nguvu bondeni 2006 na 2007, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mi sisemi ng'ombe hawana madhara, kwato zikiwa nyingi kwenye udongo mbichi zinaharibu kweli. Ila watu waliolipima hilo bonde miaka ya mwisho ya 1990 walionyesha kwamba kinachoukata mto hasa ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mifereji wakati wa kiangazi, ule muda ambao yanayoshuka toka milimani ni kidogo sana.

Hapo kwenye kiangazi naomba unielewe vizuri maana sikushambulii wewe. Masika maji ni mengi, lima mpunga wako, jaza majaruba, mto hauwezi kukulaumu. Shida ni kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja. Mwaka jana mwezi wa kumi nilishuka pale Igawa nikafuata mfereji mmoja kwa miguu, siutaji, jua la saa sita, nikakuta maji yanatiririka kwenye shamba ambalo halina hata jani la mpunga, mabua tu ya msimu uliopita, bata wanaogelea, yamepita mpaka barabarani yametengeneza tope. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anachota, akaniambia mfereji hawaufungi kwa sababu ndo maji yao ya kunywa na kufulia. Alikuwa na ndoo mbili. Mfereji mzima unatembea mchana na usiku kwa ajili ya ndoo! Na yule mama hana kosa hata kidogo, angekuwa na kisima, kilomita nzima ya maji isingemwagika ili yeye apikie ugali.

Kwahiyo hamsingiziwi, ila na ninyi mna haki ya kudai. Kijiji chenye kisima au bomba kinaweza kufunga mfereji wa kiangazi bila mtu kulala na kiu, hilo lisemeni kwenye jumuiya yenu ya watumia maji, lisemwe kila kikao mpaka lieleweke. Alafu kuna wale wanaowahi kitalu mwezi wa tisa, wa kumi, ili mchele wao uingie sokoni bei ikiwa juu. Najua hela ya mpunga wa mapema ilivyo tamu, lakini hapo ndo maji yanapokuwa ghali kuliko wakati wowote, hapo panahitaji zamu na geti linalofungwa kweli, sio gunia la mchanga ambalo mtu anakuja kulivuta usiku.

Na moja nimalizie hapohapo, kuna anayesema mkilima kiangazi umeme unakatika nchi nzima. Bwawa la umeme la Mtera linajazwa na mafuriko ya masika, tena linapokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo, yale maji kiduchu ya mwezi wa kumi hayalijazi. Wanaoumia kiangazi ni wanyama. Tembo wanachimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga mpaka maji yachuruzike, wakimaliza kunywa wanakuja wengine kunywa kwenye shimo lilelile, na viboko wanabanana kwenye dimbwi moja la kijani linalonuka mpaka wanaanza kuumizana. Ukiliona lile dimbwi huwezi kulisahau.

Niko Iringa mjini. Nimeona video ya faru India wamesimama kwenye maji mpaka tumboni, wanasema ni hifadhi ndogo sana. Ni wapi pale, na mbona sisi na Ihefu yetu kubwa hatuna faru?

Kwa maelezo yako nahisi ni Pobitora, jimbo la Assam. Kweli ni kidogo, kilomita za mraba 38.8, imekuwa hifadhi toka 1987, na kwenye sensa ya 2022 walihesabu faru wa pembe moja 107, yaani faru wamejaa kama kuku kwenye tenga. Iko kwenye tambarare ya mto Brahmaputra, mto ambao kila mwaka unafurika na kuleta udongo mpya, majani yakaota upya, ndo maana faru wanashiba kwenye eneo dogo hivyo. Mafuriko yakizidi wanyama wanakimbilia kwenye miinuko, mingine imejengwa na watu makusudi kwa ajili hiyo. Lakini usidhani kule ni raha tupu, mifugo ya vijiji inaingia, majani mazuri yanapungua, na faru wanatoka usiku kwenda kula mpunga wa watu. Mkulima wa kule na wa Mbarali wakikaa meza moja wangeelewana haraka.

Faru weusi Ruaha walikuwepo. Majangili waliwamaliza miaka ya 1970 na 1980.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, Igurusi. Kwelea kwelea wamenimalizia karibu nusu ya mpunga. Ndege ya dawa ikishapita watoto wanaokota kwelea waliokufa wanachoma wanakula. Kuna shida? Na tukiyachoma moto yale matete wanayolala si wataondoka?

Marahaba mama. Kabla ya mpunga tuongee watoto. Shida ipo na ni kubwa, wasile, wasiwashike, na kuku na mbwa wasipewe. Dawa inayotumika sana kwa kwelea inaitwa fenthioni, ni sumu ya kushika mishipa ya fahamu na inapita hata kwenye ngozi, kuchoma kwenye moto hakuiondoi. Mtoto akianza kutoka mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, akapumua kwa shida, usimpe maziwa ukasubiri, mkimbize hospitali saa hiyohiyo na uwaambie wazi kwamba amekula ndege wa dawa. Kwelea aliyenaswa kwenye wavu akiwa mzima, sehemu ambayo haijapuliziwa, huyo ni kitoweo cha siku zote, sina neno.

Matete msichome. Ukichoma, kwelea wanahamia kwenye miiba ya jirani jioni ileile, wale wana mabawa, wanaobaki kuungua ni vifaranga wa ndege wengine, vyura na samaki wadogo wanaojificha kwenye mizizi. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, inaonekana si kitu, ila wakiwa milioni moja ni tani 10 kila siku inayotoka jua, kwahiyo hasira yako naielewa kabisa. Mi nimekulia juu ya dungu nikiamia ndege na kombeo, najua ile saa kumi na mbili asubuhi unavyosikia mabawa kabla hujawaona. Kinachosaidia ni majirani kupanda kwa wakati mmoja, ili punje za mpunga ziwe laini zenye maziwa kwa pamoja na hasara igawanyike, maana anayepanda peke yake mapema au kuchelewa ndo anakuwa hoteli yao. Na mkiona wameanza kujenga viota mwambieni bwana shamba mapema, wakiwa bado makinda, msisubiri mpaka wingu litande.

Nina kinyungu cha marehemu baba bondeni huku Mufindi, tunalima mahindi mabichi na mboga kiangazi, ndo ada ya watoto. Mtendaji anasema nihame mita 60. Ni sheria kweli au ananitafuta?

Pole kwa kuondokewa na mzee. Sheria ipo, ni ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ziwa. Kwahiyo kwenye hilo hakutafuti. Mwombe aje na kamba mpime wote wawili, kuanzia ukingo halisi wa mto, kwa sababu nimeona sehemu watu wanakadiria kwa macho na mtu anapoteza kipande ambacho hakikustahili.

Ila nikuambie kitu kuhusu vinyungu. Udongo ule mweusi wa bondeni ukiushika na kuuminya unatoa maji kama sponji, na ni kweli ndo kazi yake, unayashika ya masika na kuyaachia taratibu mpaka kiangazi. Ukikata mtaro kuukausha ili mahindi yasioze, umelitoboa sponji, yale yaliyokuwa yatoke mwezi wa tisa yanaondoka mwezi wa tano. Maji ya Mufindi upande wako huenda yanaingia Ndembera, na Ndembera inamwaga moja kwa moja Ihefu. Kwenye hizo mita 60 panda mivengi, ile miti ya asili ya bondeni, na kama kuna milingoti, yaani mikaratusi, mtu alipanda kule bondeni nakushauri mng'oe mapema hata kama ina hela, ile miti inakunywa. Mboga zihamishie juu ya mstari, maji yafuate kwa ndoo au bomba dogo. Najua kazi inaongezeka.

Niko kidato cha pili Chimala. Dimbwi likikauka kambare wanaenda wapi? Babu anasema mvua ya kwanza inawashusha toka juu.

Msalimie babu, na usimbishie kwa sauti, maana alichokiona ni kweli, juzi palikuwa pakavu leo pana samaki, nani asingedhani wameshuka na mvua.

Kambare ana kiungo cha pili cha kupumulia juu ya matamvua, kinavuta hewa hii tunayovuta mimi na wewe. Ndo maana anaweza kukaa kwenye tope lenye unyevu kidogo tu au kwenye dimbwi ambalo perege wote wameshakufa. Usiku wenye umande au mvua anaweza kutoka kabisa majini, anajivuta kwenye nyasi kwa ile miiba ya mapezi ya kifuani, anahamia dimbwi jingine. Mafuriko ya kwanza yakifunika majani ya tambarare, wanapanda kwa wingi kutaga kwenye yale majani yaliyozama jana, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja mpaka mbili, na watoto wanakulia humohumo kwenye maji ya magotini ambako wakubwa wenye njaa hawafiki kirahisi. Wakipata chandarua mbele yao wakati huo wanaisha wote, kwahiyo ukiona watu wanakokota chandarua mwezi wa kwanza, waambie.

Jumamosi nenda sokoni, mwombe mama muuza samaki akufunulie shavu la kambare mkubwa, mbichi. Juu ya matamvua utaona kitu chekundu chenye vitawi vidogovidogo kama mti mdogo. Chora kwenye daftari, alafu mwonyeshe babu.