Bibi, usimfuate mjukuu kwa hasira

Binti yangu alifariki mwanawe akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Tulipoanua matanga, mkwe aliniomba nibaki na mtoto, nami nikabaki naye hapa Kirumba, Mwanza. Miaka mitano nilimlea kwa dagaa niliokuwa nauza soko la Mwaloni, mpaka akaanza shule akitokea kwangu. Kisha baba yake akaoa. Jumapili moja jioni akaja na ndugu zake wawili, wakamchukua kwenda naye Sengerema.

Sikukataa, mtoto ni wake. Yaliyoniumiza ni yaliyofuata. Simu haipokelewi. Nikapanda kivuko pale Kigongo, maana daraja lilikuwa bado, nikavuka Busisi, nikafika hadi mlangoni kwao na kuambiwa mtoto ameanza kuzoea, nisimvuruge. Nilirudi na maandazi yake kwenye mfuko.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sheria yake. Kaka zangu walisema mahari haikuisha, kwa hiyo mtoto ni wa kwetu, twende tukamchukue shuleni. Kiongozi mmoja niliyemwendea akasema baba akiwa hai, bibi hana haki yoyote. Wote walikosea, na kwa sababu najua bibi wengi kandokando ya ziwa hili wanaambiwa hayo hayo, naandika.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua ndugu anayelea mtoto, bibi na babu wakiwemo. Kifungu cha 37 kinamruhusu kuomba mahakamani akae na mtoto. Kifungu cha 38 kinampa aliyekuwa akimlea mtoto nafasi ya kuomba awe anaonana naye kwa vipindi. Hapo neno zito ni kulea. Ukisimama mbele ya hakimu na kusema tu "ni damu yangu", umesema kidogo sana. Sema umemlea tangu lini, wapi, kwa nini. Na upande wa mtoto, kifungu cha 6 kinampa haki ya kuwajua wazazi wake na ukoo wake. Kwa hiyo sikuwa naomba hisani ya mkwe.

Suala la ng'ombe wa mahari najua linauma, hasa kwetu Wasukuma. Lakini mahakama inaanza na maslahi ya mtoto, na deni la mahari si hoja ya kumhamisha mtoto anayelala vizuri na kusoma. Kumvizia shuleni ni kubaya zaidi: kumwondoa mtoto kwa aliye naye kihalali kumekatazwa na sheria hiyo hiyo. Kaka zangu wangeniharibia kila kitu.

Nilianza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nililia, nikaeleza, nikasema namtaka mjukuu wangu arudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Bibi, kwa baba yake anakula? Anakwenda shule? Anapigwa?" Nikajibu anakula, anasoma, sijasikia kupigwa. "Sasa unaomba nini hasa?" Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nataka kumwadhibu mkwe, na nilikuwa nimemweka mtoto mbele kama fimbo.

Tukaomba mahakamani kuonana tu. Kama mzazi aliyebaki ni mlevi, au mtoto anateswa au ametelekezwa, hapo omba kukaa naye, usisite. Na kama kuna kupigwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, siku hiyo hiyo. Ila mzazi mzima anayemtunza mwanawe sheria inampa nafasi ya kwanza, nami naona ni sawa.

Nilichobeba ni kadi ya kliniki yenye tarehe zote alizopimwa nikiwa naye, nakala ya cheti cha kuzaliwa, risiti za sare na michango ya shule, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mtoto aliishi kwangu. Ile kadi ilifanya kazi kubwa kuliko machozi yangu. Tunzeni karatasi, hata zilizolowa.

Mahakama ya Watoto haitishi kama nilivyodhani. Kesi husikilizwa faragha na afisa ustawi yupo, kwa hiyo majirani hawajazani kusikiliza ya ndani. Mjukuu wangu aliulizwa naye. Akasema anataka kukaa na baba na kuja kwa bibi kula sato. Nilitabasamu huku moyo unaniuma, maana nilitumaini atasema vingine.

Nilipata wiki mbili za likizo ya Juni, wiki mbili za Desemba, na simu kila Jumamosi.

Neno moja kwa mliobaki na wajukuu huku wazazi wako mjini au kwenye kambi za uvuvi bila kutuma hata shilingi: anayekaa na mtoto anaweza kuomba mahakama imwamuru mzazi atoe matunzo. Msione aibu.

Na amri ukishaipata, ishike kwa tarehe. Mara ya kwanza nilitamani kumzidishia siku mbili, ana kikohozi kidogo, nikajiambia baba yake ataelewa. Nikampigia kwanza. Akasema mlete, nitampeleka hospitali mwenyewe. Nikamfulia nguo, nikamrudisha kabla jua halijazama, na mkwe akanikaribisha ndani kwa mara ya kwanza tangu msiba.