Maswali ya Wasomaji: Mbwa Kaganda Kichakani, Utajuaje Yuko Wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Duluth, Minnesota, nina mbwa wangu jike aina ya English Setter (mbwa wa kuwindia ndege), ana miaka miwili, msimu huu ndo nataka nianze kutoka nae kuwinda ndege wa msituni, grausi na wudikoki. Shida huku miti imebanana sana, akishaingia kidogo tu simuoni tena, na akinusa ndege anaganda kimyaaa, naweza nikampita kabisa. Wenzangu wengine wananiambia nunua kola ya bipa, ule mkanda wa shingoni unaolia, wengine wanasema bipa zimepitwa siku hizi watu wanatumia GPS, kola inayotumia setilaiti kuonyesha mbwa alipo. Dukani kuna za dola mia na kitu mpaka za zaidi ya elfu moja, nimechanganyikiwa. Nichukue ipi?
Msomaji, Duluth

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa mbwa mmoja, anaewinda karibu na wewe, kwenye misitu ya kaskazini ilivyosongamana, chukua bipa. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukishaelewa kazi yake hata muuza duka hatakuyumbisha.

Zamani wawindaji wa huko walikuwa wanamfunga mbwa kengele shingoni, akikimbia inalia, ikinyamaza ujue kasimama, kapata ndege. Sasa hapo ndo tabu inapoanzia, unajua kasimama lakini hujui wapi, unabaki kuutafuta ukimya msituni. Bipa imegeuza hilo jambo, ndani yake kuna kitu kinachohisi mwendo, mbwa akitulia sekunde chache inaanza kulia yenyewe na wewe unaufata mlio. Wudikoki anaweza kukusubiri, anaiamini rangi yake ya majani makavu na anajibana chini, ila grausi, ambae ni wa jamii moja na kwale wetu wa nyumbani, hana subira hiyo, atatembea kwa miguu pole pole au ataruka wewe bado unahangaika na matawi. Kwa hiyo kila dakika unayookoa kumfikia mbwa ina thamani.

Cha kwanza cha kuangalia ni namna inavyolia. Bipa nyingi zina mpangilio wa kulia muda wote, mbwa akikimbia inatoa mlio kila baada ya sekunde kadhaa halafu akisimama inaongeza kasi, na mpangilio wa pili inakaa kimya mpaka asimame. Mi nakushauri huo wa pili, kelele za muda wote zinachosha masikio yako na ya mbwa na zinaharibu utulivu wa msitu. Lakini hakikisha rimoti ina kitufe cha kuiamsha, ukipotezana nae unabonyeza inalia mara moja unajua yuko upande gani. Ukikuta ya bei rahisi haina rimoti, mpaka umshike mbwa ndo ubadilishe mpangilio, achana nayo hata kama wanakupunguzia bei.

Cha pili watu wengi hawakifikirii, ni masikio yako mwenyewe. Mtu aliepiga bunduki miaka mingi bila kinga masikioni, usikivu wake unaanza kupotea kwenye sauti nyembamba za juu, na bipa nyingi zinalia huko huko juu. Anasikia watu wakiongea vizuri tu lakini bipa ya mita mia hasikii. Chagua yenye milio tofauti ya kuchagua, mpe mwenzako kola aende nayo kwenye miti halafu sikiliza kwa nje, sio ndani ya duka. Kuna zenye mlio wa mwewe pia, wawindaji wengine wanaamini ndege akiusikia anajibana chini haruki, wengine wanasema haina tofauti yoyote. Mi nisingeongeza hela kwa ajili ya hilo.

Halafu umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa mahali peupe, hakuna mti wala kilima, msituni unapungua sana. Maji nayo, tafuta iliyoandikwa IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, na setter wako lazima ataingia kwenye madimbwi. Betri za lithiamu zinaishiwa nguvu haraka kwenye baridi, Novemba ya Duluth unaijua mwenyewe, kwa hiyo rimoti iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na usiichaji kola ikiwa bado imeganda baridi ya nje, iache ndani ipate joto kwanza.

GPS sio mbaya. Inakuonyesha kwenye skrini mbwa yuko wapi na umbali gani, na kaskazini ya Minnesota kuna mbwa mwitu, kwa hiyo kujua mbwa wako alipo ni jambo la maana. Ukija kupata hela ongeza, wapo wanaomvalisha zote mbili. Ninachoogopa ni macho kuwa kwenye skrini wakati bunduki iko mkononi na ndege anaruka muda wowote. Bipa inakuachia macho yako.

Sasa naomba unisikilize hapa, usimvalishe siku ya kwanza ukaiwasha kwa sauti yote. Yule ni mtoto bado, sauti inatokea shingoni kwake, ataogopa na anaweza kuanza kuogopa hata kuganda akinusa ndege, na hofu hiyo kuitoa ni kazi kubwa. Mvalishe ikiwa imezimwa siku kadhaa za kutembea, vidole viwili vipite chini ya mkanda, halafu iwashe kwa sauti ya chini akiwa mbali na wewe, anakimbia na amefurahi. Usiijaribu kamwe ndani ya gari. Na zile zenye shoti ya umeme pamoja na bipa, usizitumie hiyo shoti kama hujafundishwa na mtu anaejua, mbwa akipigwa shoti wakati ananusa ndege ataona ndege ndo kamuumiza.

Usisahau nguo ya rangi ya machungwa (au ya waridi) ya kung'aa juu ya kiuno, Minnesota ni sheria kwa wawindaji wa grausi.

SWALI: Mzee, sisi tulitoka Ituri, Kongo, sasa niko Sioux Falls, South Dakota. Kwetu mbwa wa msituni hawabweki, wazee waliwafunga kengele za mbao. Huku nawinda ndege anaeitwa fezanti kwenye majani, bipa itanisaidia?
Msomaji, Sioux Falls

JIBU: Papa, wazee wako walijua, mbwa habweki na msitu ni mnene, bila ile kengele angepotea. Ila fezanti ni mkimbiaji, akisikia kelele anakata mbio ndani ya majani na mbwa anaishia kuganda mahali patupu. Na sehemu nyingi huko ni wazi, mbwa unamuona. Kama majani ni mafupi usinunue. Kama unaingia kwenye matete marefu, chukua ya kubonyeza tu, ikae kimya mpaka wewe uitake.