Spitfire ya kwenye kompyuta: ijaribu hivi

Kaka, umeuliza kama hiyo Spitfire Mk I (toleo la kwanza la ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili) unayotaka kuongeza kwenye simuleta, programu yako ya kurusha ndege, inaruka kama ya kweli au ni rangi tu. Rangi isikuzuzue. Iweke Uwanja wa Ndege wa Nyerere, Dar, saa saba mchana, nyuzi 32, uwashe injini halafu usubiri. Rejeta ya ndege hii iko chini ya bawa la kulia, na mguu wa gurudumu ukiwa umeshushwa unaizibia hewa. Ukizubaa pale chini, lazima ichemke. Mimi nilinunua moja, nikaiacha inanguruma nikaenda kumimina chai. Narudi, mshale wa joto umetulia tuli! Nikajua nimeuziwa picha.

Ukiongeza moto ili upae, pua ivute kushoto mpaka mguu wako wa kulia ufanye kazi kweli kwenye pedali. Matoleo ya baadaye yenye injini ya Griffon huvuta kulia, propela yao inazunguka kinyume.

Jaribio ninalolipenda ni la angani: sukuma usukani mbele ghafla. Merlin za mwanzo, injini za Mk I, zilikuwa na kabureta ya boya; ukisukuma hivyo mafuta hayafiki sawasawa, kwa hiyo injini ilikata. Mwaka 1941 mhandisi Mwingereza Beatrice Shilling ndiye aliyepunguza tatizo hilo, kwa kijipande tu chenye tundu kilichobana mafuta. Mk I ya 1940 isipokohoa hapo, usilipe.

Pedali unazo lakini? Kwa kibodi, hilo la pua hutalihisi sawasawa.