Tundu ya karo ni ndogo, naipanua namna gani?

SWALI: Jambo fundi. Niko Ibanda, Bukavu. Tulitoa lavabo ya zamani (ya kunawia mikono) tunataka kuweka evye (sinki ya kuoshea vyombo), sasa tiyo yake ya kutoa maji ni ya mm 40 na tundu ya kwenye karo ya ukuta ilitobolewa kwa tiyo ya mm 32. Nilinunua msumeno wa kikombe wa mm 44 lakini meshi yake ya katikati (ile ncha ya kutobolea) haina pa kushika, ni hewa tu, mashine inarukaruka. Kubandua karo sitaki, za rangi ile hazipatikani tena. Na ukingo ukimeguka je? (Mama wa Ibanda)

JIBU: Jambo mama. Weka kwanza hiyo mashine chini, kwa sababu ikiruka vibaya inakwangua na karo za jirani. Shida haiko kwa mkono wako. Meshi ndiyo inaongoza kikombe, na ile katikati yake fundi wa kwanza alishaitoa, kwa hiyo lazima utafute kitu kingine cha kukiongoza.

Mimi napenda tripleksi (ubao wa plywood). Chukua kipande cha mm 10 ao zaidi, kitoboe juu ya meza na msumeno wa mbao wenye kipimo kilekile cha 44, halafu kibandike ukutani na skochi ya pande mbili, tundu ya mbao izunguke ile ya karo sawasawa pande zote (pima, usiamini macho). Kijana mmoja akikandamize pembeni, mikono mbali na msumeno. Meshi ya katikati itoe kabisa, haina kazi tena, kikombe kinazunguka ndani ya mbao na hakina pa kukimbilia. Kikishaingia mu karo milimita 1 ao 2 unaweza kutoa tripleksi, ule mfereji unatosha kukishika.

Kuna wanaofunga vikombe viwili kwa mhimili mmoja, kidogo kinatangulia mu tundu ya zamani kinaongoza, kikubwa kinakata. Ni nzuri kama kile kidogo kinajaa tundu bila kucheza, lakini angalia nyuzi za kufungia kikombe kwa mhimili: vikombe vingi vya mpaka mm 30 vinatumia uzi wa inchi 1/2, kuanzia 32 ni inchi 5/8, havikai pamoja. Na vya almasi mara nyingi ni kipande kimoja, hapo hiyo njia imekufa. Kuziba tundu ya zamani na kizibo cha mbao ili meshi ipate pa kushika pia kunawezekana, ila kipake gundi ikauke, kikianza kuzunguka na msumeno umerudi palepale.

Sasa huo msumeno wako ni wa kukata nini? Kama ni wa mbao ao chuma urudishe kenkayeri (duka la vifaa), karo itamaliza meno yake upesi sana. Fayansi (karo laini za ukutani) inakubali wa karbidi, karo ngumu za gre zinataka almasi. Zima ile nyundo ya mashine (hali ya kugonga), zungusha polepole, usisukume, mtu akamue eponji ya maji pale inapokata, maji yasifike kwa mashine. Ukipata mashine ya betri ni salama zaidi, na hata SNEL (shirika la umeme) ikikata kuranti katikati ya kazi hujali. Miwani vaa.

Ukingo ukimeguka kidogo usilie mama, rozasi ya tiyo (ile pete ya kufunika tundu) inafunika, na ile nafasi ya mm 2 kuzunguka tiyo utaijaza silikoni.